Mkopo uleule, wakopaji wawili: mama wa supu wa Majengo na mzee wa zabibu wa Mpunguzi

Nilipokuwa afisa mikopo hapa Dodoma, niliwajazia fomu watu wawili siku moja, mwezi wa kumi, kwenye meza moja. Wa kwanza alikuwa mama anayeuza supu na chapati karibu na Soko la Majengo. Wa pili alikuwa mzee mwenye shamba la zabibu la ekari moja na nusu kule Mpunguzi. Wote wawili waliomba milioni moja, wakapata milioni moja, kwa masharti yaleyale: miezi sita, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayopigwa juu ya mkopo mzima, marejesho kila Jumanne. Riba peke yake ilifika 210,000. Kila mmoja akawa anadaiwa 1,210,000, ambayo ukiigawa kwa wiki 24 unapata kama 50,500 kwa wiki.

Mama alimaliza deni bila kuchelewesha hata rejesho moja. Mzee alianza kuyumba mapema, na kufikia Februari jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya wasumbufu.

Ofisini hukumu haikuchelewa. Wanawake wanalipa, wanaume wanasumbua. Mjini kuna usalama, kijijini pesa inapotea. Mtu aliyeelekea uzeeni usimpe. Nilikaa na imani hiyo karibu mwaka mzima, nikakataa watu kwa sababu yake, na mpaka leo inaniuma kwamba kati ya niliowakataa wapo ambao wangelipa vizuri kabisa kama wangepewa mkopo wa aina nyingine. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Ni kwa ajili ya mtu aliyeko Dodoma mjini, Bahi, Chamwino au Kongwa anayetaka kukopa, mwenye milango minne mitano mbele yake, na kila mlango una mtu anayemkaribisha kwa tabasamu.

Pesa yako inaingia lini?

Mama wa supu alikuwa na kopo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa kwa kisu. Kila jioni, kabla ya kuhesabu faida, kabla ya kununua hata kitunguu cha kesho, alitumbukiza humo 7,500. Siku moja nilimkuta mteja anadai chenji naye hana noti ndogo, na kopo liko palepale miguuni pake. Hakuligusa. Alivuka kwenda kwa jirani anayeuza matunda akaomba chenji huko. Nilipomuuliza akaniambia, "Dada, hii siyo yangu, hii ni ya Jumanne." Kwa wiki kopo lilifika 52,500: rejesho, na elfu mbili ya usafiri wa kuja kwenye kikao cha marejesho.

Shamba la zabibu halina kopo la kila jioni. Oktoba ni mwezi wa kupogolea mizabibu, kuweka samadi, kununua salfa ya kuzuia ubwiri unga na kulipa vibarua. Baada ya hapo mkulima anasubiri kama miezi minne. Mavuno ya kwanza huja Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Katikati ya hapo shamba linakula tu, halitoi.

Sisi tulimpa pesa Oktoba, na rejesho la kwanza tukalidai siku ya saba. Piga hesabu mwenyewe: mpaka kichala cha kwanza kinakatwa, Jumanne 17 zilikuwa zimeshapita. Hiyo ni zaidi ya 850,000 tuliyotaka itoke kwenye shamba ambalo halijazaa hata senti. Ilitoka wapi? Marejesho matatu ya kwanza yalitoka kwenye mkopo wenyewe, yaani ile hela ya salfa na vibarua. La nne lilitoka kwa mbuzi aliyeuzwa mnadani Msalato. La saba, mbuzi mwingine. Kisha ikaja ile miezi ambayo vijijini kwetu akiba ya chakula inaelekea ukingoni, maana Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na mtama na uwele shambani bado ni mbichi. Mbuzi waliobaki wakawa wa kuhesabika. Mwishowe aliuza zabibu kabla hazijaiva sawasawa, kwa mnunuzi aliyekuja na pesa taslimu na bei yake mfukoni. Mwenye zabibu hana ubavu wa kusubiri bei. Zikishakatwa, siku chache tu zinaharibika.

Nilimfuata shambani Februari. Nikamsalimia, "Mbukwenyi, mzee," akaitikia kwa upole, akaniletea kigoda. Alikuwa na daftari la shule la mjukuu wake, na kurasa za nyuma ameandika kila rejesho kwa penseli, tarehe na kiasi, hata yale aliyolipa nusu. Akasema, "Mwanangu, mimi sijakataa kulipa. Ninyi mmekuja kabla ya zabibu." Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka uliofuata, maana hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka. Mzee alijiunga na chama cha akiba na mikopo cha wakulima wenzake. Akakopa kiasi kilekile, kwa mpango wa kulipa riba tu kila mwezi na deni lenyewe baada ya mavuno. Machi alikuwa amemaliza. Mama wa supu naye alirudi kwetu, na kwa kuwa rekodi yake ilikuwa safi, ofisi ikamshawishi achukue milioni mbili na nusu. Rejesho likapanda mpaka kama 126,000 kwa wiki, sawa na 18,000 kwa siku, wakati faida yake siku nzuri ilikuwa 15,000. Karibu nusu ya pesa ilikwenda kwenye ada ya chuo ya mwanawe. Hakuna mzazi wa kumlaumu kwa hilo, ila ada hairudishi hela Jumanne. Wiki ya tisa mama yule aliyekuwa anafika wa kwanza kikaoni akaanza kuzima simu.

Mwanamke ni yuleyule, mtaa uleule, biashara ileile. Mwanaume ni yuleyule, mzee zaidi kwa mwaka mmoja. Mwenye rekodi safi akaanguka, mwenye rekodi mbovu akalipa. Kilichobadilika ni jinsi rejesho lilivyokaa juu ya kipato: linadaiwa siku gani, na ni kubwa kiasi gani ukilipima na faida. Kwa hiyo ukitaka kujua wewe ni mkopaji wa namna gani, chukua daftari uandike kwa mwezi mzima pesa inaingia siku zipi na inabaki kiasi gani baada ya chakula, kodi na mtaji wa kesho. Anza na hilo kabla hujauliza riba.

Sifa nyingine za mkopaji, na uzito ninaozipa

Jinsia ina ukweli wake. D'Espallier, Guérin na Mersland walichapisha mwaka 2011 utafiti uliotazama taasisi 350 za mikopo midogo kwenye nchi 70, wakakuta kwamba penye wakopaji wanawake wengi zaidi, mikopo iliyo hatarini kutolipwa inakuwa michache. Nilichokiona kwenye vikao vyetu Chang'ombe na Nkuhungu kinafanana na hicho. Lakini nilikiona kwa karibu, na najua baadhi ya marejesho hayo yalitoka wapi: kwenye mlo wa jioni uliorukwa, kwenye kitenge kilichouzwa, kwenye mkopo mwingine uliochukuliwa kuziba wa kwanza. Kulipa kwa wakati hakumaanishi kwamba mkopo ulimfaa aliyelipa.

Kuna jambo moja kuhusu wanawake wanaokopa ambalo fomu zetu hazikuliuliza kamwe, nalo ni zito kuliko umri na elimu ukiviweka pamoja: pesa hii inakwenda mkononi mwa nani? Wamama wengi walichukua mkopo kwa jina lao, na jioni ileile pesa ikahamia kwa mume, kwa kaka, au kwa shoga aliyekataliwa mahali pengine. Mkopo wa jina ndio mkopo ninaouogopa kuliko yote. Mtumiaji hana deni kwenye karatasi, mdaiwa hana pesa mkononi, na siku ya kikao anayekaa kwenye benchi kuaibishwa ni mama ambaye hakununua hata pipi. Dada yangu, kama pesa siyo ya biashara unayoisimamia wewe mwenyewe, usiweke sahihi, hata kama anayekuomba mmelala kitanda kimoja miaka kumi.

Umri sijauona ukiamua mengi. Vijana wanahama makazi haraka na hilo linawatisha wakopeshaji, basi. Elimu vilevile: nimeona mwenye shahada akishindwa kulipa na mama asiyejua kusoma akikumbuka kila shilingi kwa kichwa. Inachosaidia elimu ni kusoma mkataba, na mkataba unaweza kumpelekea mwanao wa sekondari akakusomea.

Muda uliokaa kwenye biashara una uzito mkubwa. Mtu aliyeuza mitumba miaka mitatu anaijua Januari, anajua kwamba wateja wametoka kulipa ada na hawana kitu. Anayeanza leo anapanga marejesho kwa mauzo ya Desemba, kisha Januari inamshangaza. Kama biashara yako haijapitia mwaka mzima, kopa kidogo, au anzia kwenye akiba ya kikundi.

Idadi ya wanaokutegemea ni sifa ambayo maafisa huiandika na kuipita. Mimi nashauri uipe nafasi, hasa ukiangalia aina ya mzigo. Watoto watano wenye afya wanaweza wasikuyumbishe. Mgonjwa mmoja wa muda mrefu anaweza kula rejesho la mwezi kwa siku moja ya hospitali, na familia nyingi za wakopaji wetu hazikuwa na bima ya afya. Nilipofuatilia waliochelewa, mara nyingi niliikuta hospitali au msiba mahali nilipotarajia kukuta ulevi na anasa. Ndiyo maana mfuko wa jamii wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, yaani ule mchango mdogo wa kusaidiana kwenye shida, una thamani kubwa kuliko unavyoonekana kwenye daftari.

Ishara kubwa kuliko zote ni mikopo mingine. Mwenye mkopo mmoja anaendesha biashara. Mwenye mikopo mitatu ana ratiba: Jumatatu huku, Jumatano kule, Ijumaa kwingine, na biashara imekuwa ya kuwahi vikao. Ukifika hatua ya kukopa ili ulipe rejesho, mkopo wowote mpya, hata wa riba nafuu, unakuongezea kamba shingoni.

Milango yenyewe

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne. La kwanza ni la benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni la kampuni na watu wanaokopesha bila kupokea amana. Hapa ndipo zilipo ofisi nyingi za "mkopo ndani ya masaa 24" unazoziona mjini. La tatu ni SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mpangilio huu siyo wa wanasheria tu. Ukijua mlango uko daraja gani, unajua pa kupeleka malalamiko: madaraja mawili ya kwanza yako chini ya Benki Kuu, SACCOS ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, na vikundi vinasajiliwa kupitia halmashauri.

Kwa mwenye kipato cha kila siku, kama mama lishe, muuza mboga wa Sabasaba, kinyozi, au mwenye genge, marejesho ya kila wiki yanaweza kufaa, kwa sababu yanakusanya pesa kabla haijatawanyika. Kipimo changu ni kimoja: rejesho la wiki lisizidi theluthi ya faida ya wiki. Kwa mama wa supu mwenye faida ya kama 90,000 kwa wiki, hiyo ni 30,000. Ndiyo, hata ule mkopo wa kwanza aliolipa vizuri ulikuwa mzito kwake. Aliumudu kwa nidhamu ya lile kopo na kwa sababu nyumbani hakuugua mtu miezi ile sita.

Dereva wa bodaboda naye ana kipato cha kila siku, lakini wengi tayari wana mkataba wa pikipiki na hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo. Huo ni mkopo hata kama hauitwi mkopo. Usiweke mwingine juu yake mpaka kadi iwe ya jina lako.

VICOBA naviona ni mlango mzuri wa kuanzia kwa watu wengi wa kipato cha chini, mjini na vijijini. Mfumo wenyewe una asili ya vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, nao umeingia vizuri kwetu kwa kuwa tulishazoea mchezo na upatu. Mnanunua hisa kila kikao, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na kwa kawaida mwanachama anaruhusiwa kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Riba unayolipa inabaki kwenye sanduku, na mkigawana mwisho wa mzunguko sehemu yake inakurudia. Udhaifu wake ni kwamba pesa ni chache, na wote huwa mnaihitaji kwa wakati mmoja. Januari ya ada, sanduku zima haliwezi kuwatosha watu 30. Kwa kijiji ambacho kila mtu analima alizeti, shida huja pamoja na pesa huja pamoja, kwa hiyo tafuta kikundi chenye mchanganyiko: mkulima, fundi cherehani, mwalimu, muuza duka.

Kuna suala la kudhaminiana ambalo watu hulichanganya. Kwenye taasisi nyingi za marejesho, mmoja akishindwa wenzake wanamlipia, na kikao hakifungwi mpaka hesabu itimie. Nimeona wamama wakikaa juani mpaka saa tisa alasiri, biashara zimelala, wakichangishana elfu mbili mbili kwa ajili ya mtu aliyehamia Singida usiku. Je, bila mzigo huo watu wangeacha kulipa? Xavier Giné na Dean Karlan walijaribu jambo hili huko Ufilipino: vikundi vikaendelea kukutana, ila kila mtu akawajibika kwa deni lake tu, na ulipaji haukushuka. Hilo linalingana na ninavyowajua watu wa hapa. Wanalipa kwa sababu wanaonana, wanaheshimiana na wanataka mkopo ujao. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya kikundi kinacholipiana na kikundi ambacho kila mtu anabeba lake, chagua hicho cha pili, hasa kama wenzako huwajui mpaka nyumbani kwao.

Kwa mkulima, iwe wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, mpunga wa Bahi, au alizeti na mahindi ya Kongwa, ushauri wangu hauna kona: usichukue mkopo wa marejesho ya kila wiki kwa ajili ya shamba. Hata ukikopeshwa kwa upendo. Tafuta SACCOS au benki yenye mkopo wa msimu, unaolipwa mazao yakishauzwa. Kule Kolkata, India, watafiti waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza, badala ya wiki mbili za kawaida. Waliopewa nafasi waliwekeza zaidi na baada ya miaka michache biashara zao zikawa na faida kubwa zaidi, lakini pia walioshindwa kulipa waliongezeka. Nayasema yote mawili kwa sababu mkopo wa msimu una hatari yake ya kweli. Mvua ikikatika Februari, huna mbuzi wa kuuza kidogo kidogo. Deni lote linakusubiri Juni. Kopa kwa kiasi ambacho hata nusu ya mavuno itatosha kulipa, na uchague tarehe ya mwisho iliyo wiki kadhaa baada ya mavuno. Ukilazimishwa kulipa wiki ya mavuno, utauza kwa bei ya chini kabisa ya mwaka, na mnunuzi anayezunguka vijijini anaijua tarehe yako kuliko wewe.

Mtumishi wa mshahara, mwalimu wa Chamwino au karani wa Mtumba, mlango wake ni SACCOS ya kazini au benki inayopitishia mshahara. Makato yanatoka kabla hajaiona hela, na utaratibu wa utumishi unataka abaki na theluthi ya mshahara wake. Hatari yake iko kwingine: kwa sababu anaaminika, anafuatwa na wakopeshaji wa mtaani wanaotaka kadi yake ya benki na namba ya siri kama dhamana. Usimpe mtu vitu hivyo viwili. Anayevitaka amejipangia kuchukua mshahara wote.

Mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri hauna riba, na kwa hilo hakuna mlango unaoushinda. Mapato ya ndani ya halmashauri hutengewa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliusitisha Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ukarudishwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Unahitaji subira, maana kuna usajili, andiko la mradi na vikao vya kamati kuanzia kata. Vikundi nilivyoviona vikianguka vilikuwa vimekutana kwa ajili ya mkopo tu, na pesa ilipoingia kila mmoja akachukua fungu lake. Kama hamjawahi kuweka akiba pamoja hata miezi sita, bado hamjawa kikundi.

Mikopo ya simu naipitia haraka. Ile midogo ya kukamilishia muamala inasaidia kwa siku moja mbili. Programu za mkopo wa papo kwa papo ni jambo jingine: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ikiwa programu inataka kusoma majina yote kwenye simu yako, inajiandaa kuwatumia ujumbe mama mkwe na mwajiri wako.

Riba mbili zenye sura moja

Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Anayekutoza 10, 20 au 30 kwa mwezi ndiye mnayemwita kausha damu, na jina hilo limemkaa. Lakini hata 3.5 ina sura mbili. Ikipigwa juu ya mkopo mzima mpaka mwisho, kama tulivyofanya kwa wale wawili, milioni moja kwa miezi sita inakugharimu 210,000. Ikipigwa juu ya deni linalobaki, kwa malipo sawa ya kila mwezi, utalipa kama 187,700 kwa mwezi, na riba yote haitafika 127,000. Tofauti ni zaidi ya 80,000, fedha ya gunia la mkaa na zaidi kwa mama wa supu. Muulize afisa maneno haya: "Riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye salio?" Kisha uliza ada ya fomu, bima ya mkopo na akiba ya lazima inayokatwa kabla hujapewa. Ukipewa 900,000 mkononi na kulipa riba inayopigwa juu ya milioni nzima, gharama yako imepanda kimyakimya.

Kalenda ya Dodoma

Jambo moja la mji wetu ambalo mkopeshaji kutoka makao makuu halijui: Bunge. Mwenye nyumba ya wageni, mchoma nyama wa Area C, dereva wa bajaji, hata muuza vocha, wote mauzo yao hupanda Bunge likikaa, hasa mkutano wa bajeti unaoanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Julai mji unapumua. Ukichukua mkopo wa miezi sita mwezi Mei kwa kuangalia mauzo ya Mei, marejesho mengi yataangukia kwenye utulivu. Chukua Januari au Februari, ili miezi mizito ya kulipa ikukute Aprili, Mei na Juni. Wanaouza kwenye minada, leo Msalato kesho kutwa kwingine, nao waombe siku ya rejesho iwe siku inayofuata mnada wao mkubwa. Ofisi nyingi hubadilisha siku ya kikao kundi likiomba pamoja kabla ya kusaini, ila hakuna afisa atakayekuuliza. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza mpaka mwaka wangu wa tatu.

Kama tayari uko ndani ya mkopo usiokufaa, nenda ofisini kabla ya rejesho la kwanza kukushinda. Nenda na daftari la mapato kama la yule mzee, omba kupangiwa marejesho upya kwa muda mrefu zaidi, na uombe mpango mpya kwa maandishi ukionyesha riba itaongezeka kiasi gani. Ukienda mapema jina lako bado liko kwenye orodha ya wanaolipa, na meneja ana mamlaka ya kukupangia upya. Ukisubiri mpaka wiki ya tano ya kuzima simu, faili lako litakuwa limeshahamia kwa mkusanya madeni, na mamlaka hayo hana.